Maelezo ya Kipigo Si Ushahidi, Hata Aliyepigwa Akiwa Panya Road

Makamanda, leo kabla sijaigeukia serikali naanza na sisi wenyewe.

Akiteswa kiongozi wetu, mitandao inawaka moto. Safi kabisa. Lakini mwaka 2022, polisi Dar walipokuwa wanawasaka panya road, niliona watu wa upande wetu wakishangilia vijana wale wanyooshwe hukohuko sero. Mkuki kwa nguruwe mtamu, sivyo? Ndugu zangu, kirungu hakina chama. Sero anayovunjwa mbavu kibaka leo ndiyo atakayolala kamanda kesho, na askari ni yuleyule.

Tuanze na Katiba ya 1977. Ibara ya 13(6)(e) inapiga marufuku mtu kuteswa au kuadhibiwa kinyama. Hakuna mahali imeandikwa "isipokuwa jambazi" au "isipokuwa gaidi". Na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inampa polisi saa 4 za kumhoji mtuhumiwa. Akitaka zaidi kuna utaratibu.

Sasa kama marufuku ipo, mbona watu wanaumizwa? Kwa sababu kipigo kinalipa! Someni kifungu cha 29 cha Sheria ya Ushahidi ya 1967. Kinasema mtu akikiri kosa, maelezo yake hayatakataliwa eti kwa sababu alitishwa au aliahidiwa kitu, mpaka mahakama ione kwamba vitisho hivyo vingeweza kumfanya akiri uongo. Yaani kutishwa peke yake hakutoshi kuyatupa maelezo. Askari anayejua hilo ataogopa nini?

Mliofuatilia kesi ya Mbowe na wenzake mnakumbuka ile "kesi ndogo ndani ya kesi kubwa" ya 2021. Washtakiwa walisema waliteswa ndipo wakasaini maelezo ya onyo. Mahakama ikayapokea maelezo. Machi 4, 2022 DPP akaiondoa kesi, watu wakarudi nyumbani, kifungu cha 29 kikabaki palepale kinamsubiri mwingine.

Watetezi wa kipigo wanasema jambazi asipobanwa hasemi. Atasema, tena sana! Atasema chochote cha kumfanya anayempiga apumzike. Atamtaja jirani yake, atamtaja shemeji yake. Mtafunga asiyehusika, na muuaji mwenyewe yuko mtaani na panga lake.

Nchi hii iliwahi kuona haya. Mwaka 1976 watuhumiwa wa mauaji waliteswa Mwanza na Shinyanga, wengine wakafia mikononi mwa dola. Mzee Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo, hakumpiga mtu kwa mkono wake. Lakini mwaka 1977 alijiuzulu. Leo waziri anajiuzulu kwa lipi?

Kwa hiyo tudai vitu vinavyoeleweka. Kifungu cha 29 kifutwe: maelezo yaliyopatikana kwa vitisho yatupwe, yawe kweli yawe uongo. Mateso yawe kosa la jinai linalojitegemea, lenye jina lake. Uganda walitunga sheria hiyo 2012, Kenya 2017. Tuuridhie Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Mateso wa 1984. Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi wamo, sisi bado tuko nje tunachungulia. Na mahojiano yote yarekodiwe kwa video, wakili akiwepo.

La mwisho, na hili najua litawachoma baadhi yenu. Siku tukishika dola tutakabidhiwa polisi haohao, sero hizohizo na kifungu hichohicho. Kirungu hakitapata adabu kwa sababu kimebadilisha mwenye. Anayeshangilia kibaka kuvunjwa mbavu leo, kesho atalia kwa mdomo gani? Tukatae mateso kwa wote, hata kwa yule aliyekuibia simu.