Ngozi Yangu Si Ngozi ya Mwenzangu



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi hulicheka, nalo ni utunzaji wa ngozi. Najua wavulana watasema hayo ni mambo ya wasichana, na labda mwalimu mmoja au wawili watauliza yana faida gani kwa mtu anayeungojea mtihani wa Kidato cha Nne. Nawaomba wote wanivumilie, maana jambo lenyewe si la urembo tu.

Desturi ya bweni letu ni hii. Mmoja akirudi kutoka likizo na uso laini, wote humwuliza anapaka nini, na kabla ya juma kwisha kopo lake limekwisha zunguka vitanda vyote. Hakuna aulizaye kama ngozi ya mwenye kopo inafanana na yake. Mtu mwenye mguu wa namba tisa hawezi kuazima kiatu cha namba sita, wala hajaribu. Lakini kwa uso twaazima bila hata kupima.

Na kupima si kazi ngumu. Osha uso kwa sabuni isiyo kali, ukaushe taratibu, kisha usipake kitu chochote. Kaa muda wa saa moja ukisoma kitabu chako, halafu jitazame katika kioo. Ukiona uso mzima unang'aa, ngozi yako ni ya mafuta. Ukihisi inavuta na kupauka, ni kavu. Ikiwa paji na pua vinang'aa lakini mashavu yamekauka, basi unazo zote mbili, na wengi wetu tu hivyo. Wako pia wenye ngozi nyepesi kudhurika, ambao sabuni yenye manukato peke yake huwawasha. Hao wasichezee kitu kipya usoni. Wajaribu kwanza kidogo nyuma ya sikio au ndani ya mkono kwa siku chache.

Nianze na chunusi, kwa kuwa ndizo zinazotusumbua zaidi katika umri huu. Wako wanaodhani kuwa mwenye chunusi ni mchafu. Si kweli. Mwili unapobalehe, tezi za ngozi hutoa mafuta mengi kuliko zamani, nayo yakichanganyika na seli zilizokufa huziba vinyweleo, ndipo vipele hutokea. Basi mwenzetu, kwa kuona haya, huchukua sabuni ya mche ile ya kufulia na kusugua uso kwa dodoki mara nne kwa siku. Ngozi ya mtu kwa tabia yake ina uchachu kidogo, na sabuni ya kufulia ni kali kinyume cha uchachu huo. Huivua ngozi kinga yake ikabaki inawasha. Kuosha mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na tena baada ya mpira au kazi ya shamba, kwatosha. Na kutumbua chunusi ni hasara tupu. Kwa ngozi nyeusi kama zetu alama ile hugeuka doa, na doa laweza kukaa miezi mingi baada ya chunusi yenyewe kusahauliwa.

Mwenye ngozi kavu shida yake ni nyingine. Hapa Makoko upepo wa ziwa huvuma kutwa, na miezi ya kiangazi miguu yetu hupauka kama ya mtu aliyetembea katika majivu. Mafuta ya mgando ni rahisi nayo hufaa sana, lakini lazima kujua kazi yake: hayaongezi maji katika ngozi, bali huyazuia yaliyomo yasitoroke. Kwa hiyo yapakwe mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Anayepaka jioni juu ya ngozi iliyokwisha kauka amechelewa. Glisirini nayo ni nzuri ikichanganywa na maji. Mwenye paji la mafuta hana haja ya kulipaka kama anavyopaka magoti. Wala mafuta mazito ya nywele yasimchuruzike usoni, kwani nayo huleta vipele.

Taulo na dodoki kila mtu awe na vyake, la sivyo choa ya mmoja huwa ya bweni zima. Na wale wanaoteremka ziwani kunawa maji yakikatika wakumbuke kwamba kichocho huingilia ngozini, hata kama maji yanaonekana safi.

Jua halina budi kutajwa. Tupo karibu na ikweta, juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100, na jua letu ni kali hata wakati wa baridi. Rangi nyeusi ni kinga, lakini si kinga kamili. Kwa ndugu zetu wenye ualbino hakuna kinga hiyo kabisa, na jua huwaletea saratani ya ngozi wangali vijana. Kule Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko KCMC, watu waliona haja hiyo wakaanza kutengeneza mafuta ya kukinga jua kwa ajili yao, yakapewa jina la Kilisun. Kwao mafuta hayo, kofia pana na shati la mikono mirefu si anasa.

Sasa nifikie jambo lililonifanya nishike kalamu. Muhula uliopita msichana mmoja, ambaye sitamtaja, alianza kupaka krimu aliyouziwa katika kikopo kisicho na jina. Juma la kwanza kila mtu alimsifu. Chunusi zilikauka na uso ukawa mweupe. Mwezi wa pili mashavu yakawa mekundu, jua la asubuhi likamchoma, na akiacha kupaka kwa siku mbili vipele hutoka vingi kuliko vile vya mwanzo. Akawa mtumwa wa kikopo. Hivyo ndivyo zifanyavyo dawa za jamii ya steroidi, ambazo daktari huzitoa kwa ugonjwa maalum na kwa muda wenye mpaka. Katika mkorogo huwamo pia haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa kwa muda mrefu yaweza kuleta weusi wa kudumu mashavuni. Na katika baadhi ya krimu hizo imo zebaki.

Sisi watu wa Mara twaijua zebaki. Kule Buhemba na Nyamongo wachimbaji wadogo wameitumia kukamata dhahabu katika mawe yaliyosagwa, kisha wakaichoma hata ikawa mvuke. Kila mzazi humwonya mtoto wake asiukaribie moshi ule. Iweje basi kitu hicho hicho tukipake usoni kila usiku? Huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, ndiyo maana mtu hutakata, lakini hupenya mpaka damuni na kuharibu mafigo. Mkataba wa mataifa juu ya zebaki, ulioitwa kwa jina la mji wa Minamata huko Japani, ulifanywa mwaka 2013, na nchi yetu ikauridhia mwaka 2020. Vipodozi vyenye zebaki vimo katika orodha ya vitu vinavyokatazwa. Hata hivyo sheria haiwezi kusoma karatasi ambayo haikubandikwa. Kikopo kisichotaja mtengenezaji, vilivyomo wala tarehe ya mwisho, mimi sikigusi, hata nikipewa bure na rafiki.

Nasikia wako wanaotaka makabati yapekuliwe na kila atakayekutwa na mkorogo aadhibiwe. Mimi sikubaliani nao. Mwenye hofu ya adhabu atakificha kikopo ndani ya godoro na kuendelea kupaka gizani, na aliyezoea steroidi akiiacha ghafla uso huweza kuumuka vibaya, hata akairudia. Huyo anahitaji daktari. Naomba viranja wetu walipeleke kwa uongozi ombi hili: itangazwe siku moja ambayo kila mwenye kikopo atakileta kwa matroni bila kuandikwa jina, na anayetaka apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Yule msichana niliyemtaja amekwisha kuniambia kuwa atakuwa wa kwanza.

Wako,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne,
Makoko, Musoma.