Meza ya chakula si ya wageni peke yao

Jumapili moja mwezi uliopita shemeji yangu alitutembelea kutoka Dodoma. Nikasafisha meza, nikatandika kitambaa cheupe cha lesi, nikatoa sahani za kabatini. Mwanangu wa miaka sita akapanda kwenye kiti, akatazama huku na huku, kisha akasema, "Baba mdogo, ungekuwa unakuja kila siku, tungekuwa tunakula mezani."

Watu wakacheka. Mimi nikainuka kwenda jikoni kufuata chumvi, ambayo ilikuwa tayari mezani.

Mzazi mwenzangu, ukweli ni kwamba meza ile ya mninga, tuliyoichongesha Keko kwa fedha za kudunduliza, ilikuwa imegeuka stoo. Juu yake kulikuwa na pasi, chaja, madaftari, chupa ya dawa ya kikohozi na maua ya plastiki yaliyojaa vumbi. Sisi wenyewe tulikuwa tunakulia kwenye sofa, kila mtu na sahani yake mapajani, macho kwenye televisheni. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini sidhani kama walitaka mwenyeji amsubiri mgeni ndipo akalie kiti chake mwenyewe.

Kwa hiyo mtu akiniuliza sehemu ya kulia chakula ipambwe vipi, siku hizi namuuliza kwanza: Jumanne usiku nani anakula hapo? Mpambie huyo.

Tuanze na kitambaa, maana hapo ndipo wengi tunakosea. Lesi nyeupe ni nzuri mpaka mchuzi wenye manjano umwagike, na kwenye nyumba yenye watoto utamwagika. Plastiki inafutika, lakini mikono inanata na sufuria ya moto inaitoboa. Mimi nimerudi kwenye kanga. Doti moja ni vipande viwili, kila kimoja kina urefu wa karibu mita 1.5 na upana wa kama mita 1.1, kiasi cha kutosha meza ya watu wanne, na hata ya sita isiyo kubwa sana. Kipande kimoja kipo mezani, kingine kipo kwenye kamba. Mji unakaa katikati na pindo linashuka pembeni, kama vile mchoraji alikuwa na meza yako akilini. Kanga mpya ifue peke yake mara mbili tatu kwanza, kwa sababu huchuja rangi. Na soma jina lake kabla ya kununua. Kuna majina ya vijembe ambayo mawifi wakiyakuta mezani, chakula hakitashuka vizuri.

Hapa nina onyo moja, na nalisema kwa uzito. Kama una mtoto anayeanza kusimama, ondoa kabisa kitambaa kinachoning'inia. Mtoto wa umri huo hushika chochote kilicho mbele yake ili ajiinue, na akivuta pindo, bakuli la uji au chupa ya chai vinamshukia kichwani. Acha meza wazi, weka vyote vya moto katikati mbali na ukingo, na chini ya kila sahani weka mkeka mdogo wa ukindu.

Hiyo mikeka midogo ndiyo pambo ninalolipenda kuliko yote. Wanawake wanaosuka ukindu huchemsha majani na rangi kabla ya kuyasuka, kwa hiyo unaweza kuagiza rangi uzitakazo. Mpe kila mtoto rangi yake. Wangu wanaitandika wenyewe sasa, na yule wa miaka sita hakubali mtu mwingine akae kwenye ukindu wake wa zambarau. Usiiloweke. Ifute kwa kitambaa chenye unyevu, iache ikauke kabisa ndipo uipange, la sivyo inaota ukungu. Kwa msukaji huyohuyo agiza na kawa ya kufunikia chakula. Baba akichelewa kurudi kazini, sahani yake inabaki mezani salama na nzi, badala ya kufunikwa na sahani nyingine jikoni.

Sufuria na mabakuli ya moto yanaacha alama nyeupe kwenye vanishi. Zungusha mabaki ya kitenge yawe ngata, ileile ya kubebea ndoo kichwani, uishone isifumuke. Nimetengeneza tatu kwa nusu saa, na wageni wameniuliza nimezinunua duka gani.

Mahali pa maua ya plastiki nimeweka kapu la matunda. Ndizi nazitenga pembeni, kwa sababu zinaivisha mengine haraka. Kapu likibaki tupu ni ishara kwamba pambo limefanya kazi.

Taa, kwa kifupi: ile tyubu nyeupe ya katikati ya dari inafanya chakula kionekane kimepauka. Mwombe fundi umeme ashushe balbu moja ya LED yenye mwanga wa manjano, ndani ya kapu lililosukwa, ikae kama sentimita 75 juu ya meza. Nafasi nayo ina hesabu yake. Kila mlaji anahitaji kama sentimita 60 za ukingo wa meza, na nyuma ya kiti iache 75 hivi ili mtu aweze kuinuka. Chumba kikiwa kidogo, egemeza benchi ukutani na uondoe viti vya upande huo.

Sasa kabati la vioo. Mama yangu alikuwa na seti ya sahani kumi na mbili zenye ua la bluu. Tulikua tukiziona kupitia kioo, na funguo alikuwa nazo yeye. Alipofariki tukalifungua mimi na dada yangu, tukakuta katikati ya sahani na sahani bado kuna karatasi za dukani. Hakuwahi kuzilia hata siku moja. Tuligawana sita sita, na mimi zangu nikazifungia kwenye kabati langu, vilevile kama yeye.

Jumatatu baada ya shemeji kuondoka nilizitoa, tukalia ugali na dagaa. Zilikuwa sita. Wiki ya kwanza imevunjika moja, juzi nyingine. Zimebaki nne, na mwanangu ameniuliza kama bibi angekasirika. Nimemwambia angefoka kwanza, halafu angeomba aongezewe dagaa.