Singe za Kijerumani na Wapimaji Wake

Mkulima wa Kamachumu akifukua singe ya Kijerumani chini ya mgomba wake, swali la kwanza atakaloulizwa ni bei. Mchuuzi atakuja na kitabu cha wakusanyaji wa Ulaya, ataisugua singe kwa msasa mpaka ing'ae, atausoma muhuri, na papo hapo atatamka kima. Desturi hiyo naipinga. Siipingi kwa kuwa biashara ni haramu, la hasha. Naipinga kwa kuwa upimaji huo ni mbovu hata kwa kanuni zake wenyewe, nasi wasomi tumeunyamazia kana kwamba chuma cha Mjerumani ni habari ya Mjerumani peke yake.

Ilimu ya wakusanyaji si ya kudharauliwa. Wao hutazama kwanza urefu wa kengee, yaani bapa la singe. Singe ya mwaka 1871 ina mpini wa shaba ya manjano na kengee ya sentimita 47 hivi. Ile ya 1898 ni nyembamba na hufikia sentimita 52. Ile iitwayo 84/98 ni fupi, sentimita 25. Na ile ya 98/05, yenye sentimita 37, hupanuka kuelekea nchani kama kisu cha mchinjaji. Kisha husoma maandishi. Karibu na mpini huandikwa jina la mfua chuma na mji wake, mara nyingi Solingen, au Erfurt palipokuwa na karakana ya serikali. Mgongoni huwapo taji na herufi ya mfalme pamoja na tarakimu mbili za mwaka: W ni Wilhelm wa Prussia, L ni Ludwig wa Bavaria. Kwenye kikingio cha mkono hupigwa alama ya kikosi na namba ya silaha, na namba hiyo ikilingana na ya ala yake, kima hupanda. Meno ya msumeno mgongoni huongeza kima zaidi. Yote haya mwanafunzi wa historia anapaswa kuyajua, na ni aibu kwamba ayajuaye leo ni mchuuzi.

Lakini mizani hii ilitengenezwa Ulaya, na ikifika Bukoba hupinda. Vita vilipoanza mwaka 1914, kombania nyingi za askari wa Kijerumani katika nchi hii zilikuwa bado na bunduki za 1871, ambazo moshi wa baruti yake ulimfichua mpigaji kwa adui. Kwa hiyo singe yenye mpini wa shaba, hata ikiwa imeliwa na kutu na haina meno wala ala, ndiyo inayotueleza askari Mwafrika alivyopelekwa vitani na silaha ambayo Ulaya imekwisha kuiacha. Kitabu cha bei hakina safu ya jambo hilo. Kinaipa singe hiyo alama ya chini kwa ajili ya kutu.

Tena si kila singe ya Bukoba ni ya Mjerumani. Mwezi Juni 1915 majeshi ya Mwingereza yalivuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu, yakashuka kaskazini ya mji, yakapigana siku mbili, yakauvunja mnara wa simu ya upepo, na mji ukaporwa. Miongoni mwao walikuwamo Waingereza, Waafrika na Wahindi. (Neno singe lenyewe tumelipata kutoka Bara Hindi.) Singe ya Mwingereza ya mwaka 1907, yenye kengee ya sentimita 43, ikizikwa miaka mia moja katika udongo wetu haikosi mtu wa kuiita ya Mjerumani. Na singe ya Kijerumani yenye muhuri wa miaka ya 1930, yumkini ataitembeza mtu akiapa kuwa ni ya askari wa Bukoba.

Hapo ndipo ninapomshitaki mchuuzi kwa hasara anayojitia mwenyewe. Singe zenye herufi D.O.A., yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani, hutafutwa sana, na kwa hiyo hughushiwa: muhuri wa leo hupigwa juu ya chuma cha zamani. Muhuri mpya hujulikana kwa kingo zake kali na kwa kuikata kutu iliyotangulia. Sasa, aliyekwisha kuipiga msasa kutu hiyo amejinyima shahidi wa kwanza. Na asiyeandika singe ilitoka shamba gani amemuua shahidi wa pili. Anabaki na muhuri tu, na muhuri ndio hasa unaoghushiwa.

Nitaambiwa kwamba bila mkusanyaji chuma hicho kingeoza au kufuliwa jembe. Ni kweli, na jembe halina lawama kwangu; nchi hii ya Wahaya ilikuwa ikiyeyusha chuma, kama matanuri ya kale yaliyofukuliwa Katuruka na Kemondo yanavyoshuhudia, karne nyingi kabla ya Emin Pasha kuweka kituo Bukoba mwaka 1890. Lakini kukiokoa chuma na kuipoteza habari yake ni kuokoa ganda.

Wala tusiitegemee sheria ifanye kazi yetu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavihesabu kuwa vya kale vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Singe ya 1871 imeukosa mstari huo kwa miaka minane. Kwa hiyo nawataka wanafunzi wetu wanaokwenda likizo Bukoba na Muleba wachukue daftari. Waandike kijiji, shamba, kina cha udongo, na maneno ya mwenye nyumba kwa Kihaya kama alivyoyatamka. Wapige picha pande zote mbili, kikingio na mgongo, kutu ikiwa juu yake. Bei iulizwe baadaye, na wa kwanza kuiuliza awe mwenye shamba.