Bangili za Mama Mkwe

Mwezi uliopita niliitwa mwizi. Si Kariakoo, si kwenye daladala, bali ukweni kwangu, Wambaa, Pemba, mchana kweupe, mbele ya mume wangu, wifi yangu na jirani aliyekuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi.

"Bangili zangu kazichukua huyu," alisema Bi Mkubwa, akinionesha kwa kidole. "Huyu mgeni. Si hiyo moja kaivaa?"

Mgeni! Mimi niliyeolewa nyumba ile mwaka wa tisa huu. Na hiyo bangili niliyoivaa alinivisha yeye mwenyewe, nilipojifungua mtoto wa kwanza. Zilikuwa sita, akatoa moja, akasema tano zilizobaki ni za kuzikia roho yake. Jirani alitazama chini. Wifi akajifanya anageuza karafuu zilizoanikwa uani. Mume wangu akacheka kile kicheko cha mwanaume asiyejua asimame upande gani.

Wapenzi wasomaji, mnajua kuwa barua za wakwe ndizo zinazoongoza kwenye sanduku la ukurasa huu. Na mnajua majibu yangu: weka mipaka, zungumza na mwenzio, usinyamaze. Basi usiku ule nilifuata ushauri wangu mwenyewe. Nilizungumza na mwenzangu mpaka sauti ikafika kwa jirani. Yeye kila mara neno moja tu: "Uzee huo." Mimi nikajibu kuwa uzee hauiti watu wezi, na nikaanza kukunja nguo zangu niwahi boti ya asubuhi Mkoani.

Alfajiri wifi aligonga mlango. Bangili tano zilikuwa ndani ya gunia la karafuu kavu, zimefungwa kwenye pande la kanga, fundo lile lile analofunga Bi Mkubwa kila kitu chake. Alizificha mwenyewe. Wifi akakaa kitandani, akalia, halafu akatueleza yale ambayo kwa simu alikuwa hasemi. Kwamba mama anaswali Adhuhuri, na baada ya nusu saa anauliza kama kumeadhiniwa. Kwamba wali umeungua mara tatu naye amekaa pembeni ya jiko, hasikii hata harufu. Kwamba siku moja alitoka kwenda kwa dada yake, nyumba ya nne tu kutoka hapo, akaokotwa njia ya pwani. Na huyo dada alishakufa zamani.

Nguo nikazirudisha kabatini.

Si kwamba tulikuwa hatujajaribu hospitali. Mwaka jana tulimleta Dar, tukampeleka mahali ambapo sitapataja. Daktari kijana, mpole, akampa kalamu na karatasi: aandike sentensi moja, ahesabu kurudi nyuma kutoka 100 kwa kupunguza saba saba, achore uso wa saa unaoonesha saa tano na dakika kumi. Mama mkwe wangu amesoma chuoni, Qur'ani, na barua zake enzi hizo aliziandika kwa hati za Kiarabu. Kalamu ya mpira aliishika kama mtu anayeshika kisu cha mwenzake. Alichora duara, akalitazama, akasema, "Mkate wa kumimina huu." Tulicheka wote, daktari naye. Kisha akaandika kwamba kipimo hakisomeki kwa kuwa mgonjwa hakusoma, akatuambia ni umri. Tukarudi nyumbani na panado.

Sasa hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu kuna watu walishaligundua tatizo hilo, tena hapa hapa Tanzania. Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, madaktari na watafiti wa kwetu wamefanya kazi kwa miaka mingi pamoja na wenzao wa Newcastle, Uingereza, akiwemo daktari wa wazee Richard Walker na daktari wa magonjwa ya akili Stella-Maria Paddick. Walipita vijijini, nyumba kwa nyumba, wakaonana na watu karibu 1,200 waliofika miaka 70. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionesha kuwa asilimia 6.4 walikuwa na dimensia. Yaani katika kila wazee 16, mmoja. Kabla ya hapo wengi waliamini kuwa maradhi haya ni ya Wazungu. Wilaya hiyo hiyo, walipowatafuta wenye ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa, wengi wa waliopatikana hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu yeyote kuwa wanaumwa. Kutetemeka nako kulikuwa "uzee".

Kilichonigusa zaidi ni kipimo walichokitengeneza, kilichotoka mwaka 2014 na kujulikana kwa jina la IDEA. Hakuna kalamu. Mzee anapewa njiti nne za kiberiti na kuombwa apange umbo kama alivyooneshwa. Anaulizwa daraja ni nini. Anataja majina ya wanyama kwa dakika moja, wengi awezavyo. Anasomewa maneno kumi, kisha baadaye anaulizwa anakumbuka yapi. Anaulizwa leo ni siku gani, na kiongozi wa kijiji chake anaitwa nani. Fikiria: mtu ambaye hajawahi kukanyaga darasani anaweza kujibu yote hayo, na akishindwa, anashindwa kwa sababu ya ubongo na si kwa sababu ya shule. Maana kosa lipo pande zote mbili. Unaweza kumwita mgonjwa mtu aliyenyimwa shule tu, na unaweza kumrudisha mgonjwa nyumbani na panado kwa kuwa "hakusoma".

Si mchezo wa sebuleni, naomba mnielewe. Kipimo kinafanywa na aliyefundishwa. Lakini mimi ni mwanadamu, nami jioni ile nilimwuliza Bi Mkubwa daraja ni nini. Akaniangalia kama mjinga. "Pa kuvukia. Kwenu hakuna?" Nikapumua. Nikamwuliza sheha anaitwa nani. Sheha ambaye hukaa kwenye baraza yake, anayekunywa kahawa yake. Alinyamaza muda mrefu, akarekebisha kanga kichwani, akasema, "Wajua weye, waniuliza nini?"

Dimensia si jina la ugonjwa mmoja. Ni hali ya akili kufifia kiasi cha mtu kushindwa kujiendesha, na inaletwa na maradhi mbalimbali. Kubwa kuliko yote ni la Alzheimer, ambapo protini mbili, amiloidi na tau, hujikusanya kwenye ubongo na seli zinakufa taratibu, zikianzia kwa kawaida sehemu inayohifadhi mambo mapya. Ndiyo maana harusi ya mwaka 1968 ipo, chakula cha mchana hakipo. Daktari Alois Alzheimer alimpokea mgonjwa wake maarufu, Auguste Deter, mjini Frankfurt mwaka 1901. Mama huyo alikuwa na miaka 51, na moja ya dalili zake za mwanzo ilikuwa wivu: alimshuku mumewe kuwa ana mwanamke mwingine. Niliposoma hilo nilijisikia aibu kwa barua ngapi nimezijibu kwenye ukurasa huu kuhusu wazee "waliobadilika tabia ghafla". Kushuku wizi, kushuku wivu, ni jambo la kawaida kabisa kwenye ugonjwa huu. Mtu ameficha kitu, kumbukumbu ya kuficha haikuandikwa, kitu hakipo, na akili inatafuta maelezo. Aliye karibu ndiye anayebeba lawama. Mwenye bangili mkononi, je?

Halafu kuna dimensia ya mishipa, ile ya kiharusi kikubwa au vile vidogo vidogo ambavyo hakuna aliyeviona. Hapa nazungumza na nyie wa ofisini. Bi Mkubwa ana presha ya miaka mingi, na vidonge vyake anavimeza siku kichwa kikigonga. Kikitulia, anaviweka "visije vikaisha". Nani kati yetu hana mzazi wa namna hiyo? Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la The Lancet lilitaja mambo 14 ambayo, yakishughulikiwa, karibu asilimia 45 ya dimensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Presha imo, kisukari kimo, kutosikia vizuri kumo, upweke umo, kukosa shule utotoni kumo. La mwisho hilo kwa mama mkwe wangu tumechelewa. Presha bado.

Dawa? Zipo mpya. Lecanemab iliidhinishwa Marekani mwaka 2023, inapunguza kasi kidogo kwa walio mwanzoni mwa Alzheimer, haiponyi, na bei yake ilitangazwa kuwa dola 26,500 kwa mwaka, bila kuhesabu picha za ubongo. Tuendelee.

Kilichojaribiwa Hai kinafanana zaidi na Wambaa. Waliwakusanya wazee wenye dimensia katika vikundi vidogo, mara mbili kwa wiki kwa wiki saba, wakizungumza mambo ya utotoni, vyakula, nyimbo, michezo ya mikono. Akili na utulivu wao vilionekana kuwa bora baada ya hapo. Kibaraza cha kahawa chenye mpangilio, ningesema mimi. Ila kabla ya yote, mzee apimwe. Sonona, tezi ya shingo iliyolegea kazi, upungufu wa vitamini B12, hata mchanganyiko wa dawa, vyote vinaweza kuleta usahaulifu, na hivyo vina tiba. Sisi tulianza upya, hospitali ya Mkoani, kwa presha na damu, na safari hii wifi ndiye aliyeeleza, kwa sababu yeye ndiye anayejua.

Na kuhusu wifi. Mume wangu alikuja na suluhisho la wanaume wote: mama ahamie kwetu Dar. Ghorofa ya tatu, milango inayofanana, watu asiowajua, sisi kazini mpaka usiku! Mtu anayepotea nyumba nne kutoka kwake? Nilimwambia hapana, na kwa mara ya kwanza sikusema hapana kwa sababu ya nafasi yangu mwenyewe. Alikasirika. Alidhani nimepata kisingizio, na sitamlaumu, miaka tisa nimekuwa na visingizio. Tulibishana njia nzima ya ufukweni. Mwishowe nilimwuliza swali moja: dada yako analipwa nini? Ana miaka 34. Aliacha kazi ya duka Chake kwa ajili ya mama. Pensheni ya wazee ya Zanzibar, ile iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa hadi 50,000, ni ya mama na inaishia kwenye unga na sabuni. Dada mtu hana hata vocha ya simu yake.

Tulikaa kwenye mtumbwi uliovutwa nchi kavu, tukapiga hesabu kwenye simu. Kiasi fulani kila mwezi, kwa jina la wifi, si "za matumizi". Na wiki mbili kwa mwaka, kila mmoja wetu kwa zamu yake, tukae Wambaa ili yeye aondoke. Wiki zangu za kwanza nimeshaziombea ruhusa kwa mhariri mkuu, ambaye alicheka aliposikia naenda likizo kwa mama mkwe.

Siku ya mwisho nilikaa naye jamvini. Alikuwa anasuka ukili, na hapo usingejua kama kuna kilichopotea: vidole vinakwenda vyenyewe, macho yako barabarani. Wanasema kumbukumbu za mikono hukawia kuondoka. Nilichukua miyaa, nikajaribu, nikaharibu. Akaninyang'anya, akafumua, akaanza tena polepole ili nione. Kisha akaushika mkono wangu.

"Bangili nzuri hii. Kakupa nani?"

"Kanipa mama mkwe wangu."

Akaizungusha mara mbili tatu. "Basi huyo akupenda," akasema, akanirudishia ukili nijaribu tena, na nikakosea pale pale.