Maji na Chakula kwa Mgonjwa Aliyepasuliwa Umio



Wapenzi wasomaji wetu, mwezi huu twataka kusema na watu wa nyumbani, na hasa wale wenye mgonjwa aliyerejea kutoka hospitali baada ya kupasuliwa umio, yaani ile njia ipitishayo chakula kutoka kooni hata tumboni. Maradhi ya saratani ya umio ni mengi katika nchi zetu za mashariki ya Afrika kuliko sehemu nyingi za dunia, basi ni nyumba chache zitakazosoma maneno haya na kusema kuwa hayawahusu.

Kabla ya kuwafundisha wengine yatupasa tukiri kosa letu wenyewe. Jirani yetu mmoja, ambaye watoto wake wamesoma chuoni kwetu, alianza kukwamwa na tonge la wali, kisha mkate, kisha hata uji ukawa haupiti. Mwenyezi Mungu akajaalia ugonjwa ukagunduliwa mapema, akapasuliwa, akarudi nyumbani wiki chache kabla ya Ramadhani. Tulipokwenda kumtazama alituambia kuwa aona haya watu wafunge naye ale. Nasi, badala ya kumfahamisha, tulimsifu kwa nguvu ya imani yake mbele ya wote waliokuwapo. Hatukumwuliza hata mara moja amekunywa maji kiasi gani siku ile.

Siku ya tatu ya mfungo mkewe alitujia mbio. Akasema, "Maalim, mwenzangu ameinuka kwenda msalani akaanguka. Tangu jana mkojo ni kidogo, nao umekuwa mweusi kama kahawa." Tukamchukua hospitali, akatiwa maji ya mshipani. Daktari alipokwisha kumpima alitutazama sote, akasema, "Kidonda chake kimepona vizuri. Huyu anaumwa kiu na njaa." Neno hilo lilituingia moyoni kama mkuki, kwani sisi ndio tuliomsaidia kuupata ugonjwa huo wa pili. Tunamshukuru Mola, leo yu hai, tunakaa naye barazani.

Tangu siku hiyo tulijifunza kwa madaktari na wauguzi, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Daktari anapoutoa umio wenye ugonjwa, mara nyingi huvuta juu ule mfuko wa chakula, akaufanya mfano wa bomba, akauunga na kipande cha umio kilichosalia. Kwa hiyo mfuko ule haukai tena mahali pake, wala hauna nafasi uliyokuwa nayo. Mlango uliokuwa ukizuia chakula kisirudi juu umeondolewa. Na hamu ya chakula nayo hupotea kwa muda mrefu, hata mtu hushinda bila ya kusikia njaa, na huku mwili unakwisha. Mwenye kuyafahamu mambo haya matatu atafahamu sababu ya kila sharti litakalofuata.

Ama maji, ndiyo ya kwanza. Ikiwa daktari hakumpa kipimo kingine, mtu mzima huhitaji kiasi cha lita moja na nusu hata mbili kwa siku. Mgonjwa huyu hawezi kunywa gilasi nzima kwa mara moja. Basi na anywe mafunda madogo madogo, kila baada ya dakika kumi au kumi na tano, tangu alfajiri. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akinywa kwa kupumua mara tatu, wala hakugubia maji kwa pumzi moja, na mgonjwa wetu anaihitaji adabu hiyo zaidi kuliko mtu yeyote. Wekeni chupa ya lita moja karibu naye tangu asubuhi, ili kila apitaye aone imepungua kiasi gani. Wala asinywe pamoja na chakula, kwani nafasi ni ndogo, na maji yatakitangulia chakula kuijaza. Na anywe nusu saa kabla ya kula, au nusu saa baadaye. Maji, maziwa, supu iliyochujwa na dafu hufaa. Soda zenye gesi humjaza upepo. Na chai au kahawa iachwe ipoe kwanza. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kuwa vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 yaelekea huleta saratani ya umio. Hilo ni onyo hata kwetu sisi wazima tunaokunywa kahawa ingali inatoka motoni.

Ama chakula, kigawanywe mara sita au nane kwa siku, kila mara kidogo, kiasi cha kisahani cha kikombe. Kwa kuwa njaa haisikiki, mgonjwa ale kwa saa. Sisi tuliona wepesi kumwekea jirani yetu saa ya adhana: ale baada ya kila sala katika zile nne za mwanzo, na mara nyingine katikati yake. Cha mwisho kiwe saa mbili au tatu kabla ya kulala. Ale akiwa amekaa wima, atafune sana, na akimaliza asijilaze kwa muda wa saa moja. Usiku mito iinuliwe, au miguu ya kitanda upande wa kichwa itiliwe matofali, ili nyongo isimpandie kifuani akapaliwa usingizini.

Wiki za mwanzo chakula kiwe laini kama daktari alivyoagiza: uji wa mtama uliochanganywa maziwa, mtindi, mayai ya rojo, viazi vilivyopondwa, samaki aliyechambuliwa miiba, choroko zilizopondwa, parachichi, ndizi mbivu. Uji wa shayiri tusiusahau, kwani katika Hadithi za Bukhari na Muslim Bibi Aisha (R.A.) amepokea kuwa talbina humtuliza moyo mgonjwa. Uji mtupu wa maji haumjengi mtu. Utieni maziwa, siagi kidogo au njugu zilizosagwa zikawa laini kabisa. Nyama ngumu, mkate mkavu na chapati zingoje mpaka daktari atoe ruhusa.

Vitu vitamu navyo vina hatari yake. Halua, sharbati na kaimati zikishuka kwa haraka utumboni, mgonjwa hutokwa na jasho, moyo humwenda mbio, tumbo humsokota akaharisha. Au baada ya saa moja hata tatu sukari ya damu hushuka akatetemeka. Wageni wengi huja na vitu hivi kwa mapenzi. Vipokeeni kwa shukrani, mwape watoto.

Wengine hurudi nyumbani na mpira mdogo ulioingizwa utumboni kupitia ubavuni. Msiuonee haya wala msiuogope. Ibn Zuhr, tabibu Mwislamu wa Andalusi aliyefariki mwaka 1162, aliandika katika kitabu chake At-Taysir juu ya kumlisha kwa bomba la fedha au la bati mgonjwa asiyeweza kumeza. Na mwaka 1913, huko New York, Daktari Franz Torek alimtoa mwanamke mmoja umio uliokuwa na saratani. Kwa kuwa hakuweza kuunga ndani, mama yule alikula kwa mpira uliopita nje ya mwili, kutoka tundu la shingoni hata tundu la tumboni, akaishi kiasi cha miaka 13 baada yake. Basi mpira si alama ya kukata tamaa. Usafisheni kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kabla na baada ya kila mlo na kila dawa. Msitie ndani yake uji mzito wala kitu ambacho hospitali haikukiagiza. Na ukichomoka nendeni hospitali saa ile ile, kwa sababu tundu huziba upesi.

Sasa turudi kwenye saumu, maana hapo ndipo tulipokosea. Katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na akabainisha kuwa anatutakia wepesi. Aliye na maradhi yasiyotarajiwa kupona hulisha masikini kwa kila siku. Mgonjwa anayehitaji funda la maji kila robo saa ataachaje kinywa kikavu tangu alfajiri hata magharibi? Mwenye kuipokea ruhusa ya Mola wake hana la kuonea haya, na anayemsifu kwa kuikataa, kama tulivyofanya sisi, amemsaidia kujidhuru. Katika sala nako, iwapo kurukuu na kusujudu kunampandisha nyongo, na asali kabla ya kula. Akishindwa asali kwa kukaa na kuashiria. Imran bin Husayn (R.A.) alipokuwa mgonjwa aliamrishwa na Mtume (S.A.W.) asali kwa kusimama, akishindwa akae, na akishindwa alale ubavu.

Wapo wanaotaja Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi ya kutowalazimisha wagonjwa kula, kisha wakamwacha mgonjwa na sahani yake mpaka ikapoa. Kutomlazimisha si kumsahau. Msimsukumie kijiko kinywani, wala msimkemee. Mbembelezeni, mbadilishieni chakula, kaeni naye akila.

Mpimeni uzito kila wiki kwa mizani ile ile na kuandika. Wengi hupungua miezi ya mwanzo, lakini akizidi kushuka kila wiki mwambieni daktari. Mkojo mchache wenye rangi nzito, kinywa kikavu na kizunguzungu ni dalili za kupungukiwa na maji. Akipata homa, maumivu ya kifua, kukohoa kila anywapo, kutapika kusikokoma, au maji yenyewe yakikataa kupita, msingoje asubuhi. Na chakula kikianza kukwama tena, msidhani lazima saratani imerudi. Mara nyingi ni pale palipoungwa pamekaza, na madaktari hupapanua bila ya kumpasua tena.

Ndugu zetu, daktari hufanya kazi yake kwa saa chache, kisha kazi hukabidhiwa mke, mume, mabinti na majirani kwa miezi mingi. Ukimtembelea mgonjwa wa namna hii, baada ya kumwombea dua muulize: umekunywa maji leo? Sisi swali hilo hatukuliuliza siku ile, na sasa haitupiti ziara bila ya kuliuliza.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na awalipe kheri wanaowauguza. Amin.