Usibadilishe Transista Zote, Tafuta Iliyokufa

Leo naweka programu kando kidogo tuongee kuhusu chuma cha zamani.

Baba yangu mdogo alikuwa fundi wa redio hapa Migori. Kabatini mwake kuna jenereta ya mawimbi ya miaka ya 1960. Kazi yake ni kutoa masafa unayoyajua ili upime redio: ukiipa sakiti ya ndani ya redio kHz 455 na haisikii kitu, unajua pa kuanza kutafuta. Mwaka jana ilinyamaza. Mnunuzi wa vyuma kuukuu akaja na mizani. Nikasema, "Baba, usiuze, nitaitengeneza." Nina digrii ya kompyuta, transista itanishinda?

Ilinishinda. Ndani nilikuta transista 3 aina ya AF117. Nilikuwa nimesoma kwamba aina hii hufa sana, basi nikazing'oa zote na kuweka BC557 mpya. Kimya. Na sasa sikujua tena kama ubovu ni wa zamani au nimeuleta mimi.

Nikapanda matatu hadi Rongo, kisha Homa Bay, kwa mzee mmoja ambaye bado hutengeneza redio. Aliniuliza swali moja tu: "Kijana wangu, ulipima nini kabla ya kung'oa?" Sikuwa na jibu.

Alinieleza makosa yangu mawili. Kwanza, AF117 ni ya jemaniamu, BC557 ni ya silikoni. Ya jemaniamu huanza kufanya kazi kwa volti 0.2 au 0.3 hivi kwenye besi, ya silikoni inataka 0.6 au 0.7. Sakiti iliyopangwa kwa moja mara nyingi haiamshi nyingine vizuri mpaka ubadilishe na rezista zake.

Pili, hazikuwa zimekufa zote. Transista za AF114 hadi AF117 zimo ndani ya kikopo cha chuma kilichopakwa bati (madini yenyewe, si mabati ya nyumba). Kwa miaka mingi bati hilo huota vinyweleo vyembamba kuliko unywele wa mtu. Kimoja kikigusa waya wa ndani, shoti! Hata NASA wamezifungua za AF114 na kuvikuta. Transista hizi zina miguu minne, na wa nne umeunganishwa na kikopo tu. Mzee alipima kila mguu dhidi ya kikopo. Mbili zilikuwa nzima. Ya tatu, mguu wa kolekta ulikuwa umegusana na kikopo. Akakata ule mguu wa nne, akarudisha zote 3 mahali pake, na jenereta ikaamka.

"Hii ni bandeji," alisema. Kinyweleo kingine kikiota na kugusa besi, shoti itarudi, na hapo kukata mguu hakutasaidia.

Najua wapo watakaosema muda ni pesa, badilisha zote umalize. Mimi nasema hapana, na nasema kama mtu wa programu. Ukibadilisha mistari 10 kwa pamoja na programu ikafanya kazi, hujui kilichoponya. Isipofanya kazi, hujui ulichoharibu. Transista za jemaniamu hazitengenezwi tena kwa wingi, na kila unayoitupa ikiwa nzima umepoteza mtihani usio na marudio.

Wala msidhani haya ni mambo ya wazee tu. Madini ya risasi yakichanganywa na bati huzuia vinyweleo hivi, na tangu Julai 2006 Ulaya imeyapunguza sana katika vifaa vya elektroniki. Wahandisi wa leo bado wanapigana na ugonjwa uleule.

Kwa hiyo, ukiwa na kifaa cha zamani, kitoe kwenye umeme, subiri kapasita ziishiwe chaji, chukua mita na mchoro wa sakiti, kisha upime. Badilisha kimoja, jaribu, andika ulichoona. Ndipo uendelee na kingine.

Jenereta iko mezani kwangu sasa, na baba mdogo ameanza kunifundisha kuitumia. Mnunuzi wa vyuma alirudi wiki iliyopita. Ameondoka na pasi mbovu tu.