Ulimi Husema Nameza, Damu Husema Hapana

Akina mama wenzetu, sisi tunaokaa upande wa pili wa meza ya kliniki tumejionea jambo moja. Binadamu akienda kwa daktari huvaa nguo yake nzuri, na mara nyingi huuvalisha hata ulimi wake.

Yuko Mama Nameza. Ukimwuliza habari za dawa za presha, hujibu swali kabla halijaisha: "Nameza, sista." Mwombe akuonyeshe pakiti. Vidonge vya siku 30 alivyopewa mwezi uliopita vimejipanga kama askari wa gwaride, wawili tu ndio watoro.

Yuko na Baba Mchicha, mwenye kisukari. Mwezi mzima ni soda na maandazi. Zikibaki siku 2 aende kliniki, hata chai anaikimbia. Asubuhi sukari inasoma vizuri, naye anatembea kwa maringo. Kumbe kipo kipimo kingine kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3 iliyopita, kwa kuwa sukari hushikamana na chembe nyekundu za damu, nazo huishi siku 120 hivi. Ulimi umesahau harusi ya mwezi uliopita, lakini damu inakumbuka mpaka kipande cha keki!

Na yuko mama wa mtoto wa miezi 4. Anajua kwamba mtoto anyonye tu, bila hata maji, mpaka atimize miezi 6. "Ananyonya tu, sista," anasema, huku uji umekauka shingoni mwa mtoto. Mama anamtazama bibi, bibi anatazama dari.

Je, watu hawa ni waovu? Hata kidogo. Wengi ni watu wema wanaopenda kumpendeza kila mtu. Wengine wanaogopa kufokewa, maana wapo wauguzi ambao ulimi wao unachoma kuliko sindano. Mgonjwa akiaibishwa leo mbele ya foleni, kesho atakuja na jibu tamu.

Lakini jibu tamu lina gharama. Daktari anapima presha na kukuta 170/100. Anauliza, anaambiwa dawa zinamezwa. Basi anafikiri dawa ni ndogo, anaongeza. Siku moja mume anakuwa mkali, au jirani anapata kiharusi, na Mama Nameza anashikwa na woga. Anaanza kumeza vyote kama vilivyoandikwa. Presha inashuka mno, kizunguzungu kinamshika anaposimama, anaanguka karibu na jiko. Watu watasema dawa za hospitali ni mbaya. Asipomeza kabisa, napo kuna hatari: presha mara nyingi haiumi popote, huku ikiharibu moyo na figo polepole.

Sasa mtazameni mama mwingine. Anakaa, anavuta pumzi, anasema, "Sista, sikumeza siku 10. Fedha zilikwenda kwenye ada ya mtoto." Huyo hakusifiwa na mtu kwenye foleni, lakini ndiye anayeweza kusaidiwa. Daktari ataacha kuongeza dawa, atatafuta ya bei nafuu au ya kumeza mara moja kwa siku. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mama huyu amelielewa neno hilo kuliko wengi wetu tuliosoma.

Ujasiri huu huanzia nyumbani. Mtoto anayetumwa mlangoni kumwambia mwenye deni kwamba mama hayupo, huku mama anachungulia pazia, anafundishwa jibu la kliniki mapema sana.

Basi, dada, siku ya kliniki ikifika, weka kwenye mkoba pakiti zako zote pamoja na vidonge vilivyobaki. Taja siku ulizoruka na sababu yake. Ukifokewa, vumilia, kisha sema tena. Na wewe bibi uliyetazama dari, tunakusalimu: shikamoo, lakini uji usubiri miezi 2 zaidi.